Tunazima taa, friji inatafuna LUKU

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, na kila usiku kabla ya kulala huzunguka nyumba nzima akizima taa na kunung'unika kwamba watoto wanamfilisi kwa LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Mwaka jana nilichoka, nikamwita mpwa wangu anayesomea umeme aje atuamulie ugomvi.

Hakuja na kifaa chochote zaidi ya simu. Alizima kila kitu, akaacha friji peke yake, kisha akasimama mbele ya mita akihesabu kile kitaa chekundu kinavyopepesa. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwisha (angalia ya kwako, nyingine zina namba tofauti). Kwa friji tu kilipepesa mara mbili kwa dakika. Akapiga hesabu: mara 120 kwa saa, yaani wati 120. Si nyingi, ila tulikaa saa nzima tukinywa chai na friji haikunyamaza hata mara moja.

Friji yenye afya hupumzika. Hii yetu, tuliyoinunua mtumba, ilikuwa inanguruma usiku na mchana, karibu uniti 2.9 kwa siku. Kwa sisi tuliokuwa kwenye bei ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo ukiongeza VAT na tozo ilifika 356, hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 1,000 kila siku. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12, toka magharibi hadi alfajiri, ilikula shilingi 38. Mwalimu nilimsomea hizo namba mara mbili.

Ugonjwa ulikuwa kwenye mpira wa mlango. Mpwa alibana noti ya elfu mbili mlangoni, akafunga, akaivuta kwa vidole viwili. Ikateleza nje bila ubishi. Nauza barafu za ukwaju, kwa hiyo mlango ule hufunguliwa kila mtoto wa mtaa akija na shilingi mia yake, na mpira ulishakufa zamani mimi sina habari. Halafu tulikuwa tumeisukuma friji hadi ikagusa ukuta, vile vyuma vyeusi vya mgongoni havina pa kutolea joto. Mpira mpya na ufundi vilinigharimu 35,000. Umeme wa 20,000 uliokuwa ukitufikisha siku 12 sasa unafika 18, na barafu zinaganda mapema.

Kilichonifanya nishike kalamu hasa ni paa.

Chumba chetu cha kulala kinatazama magharibi. Miezi ya joto hapa Dar, weka kiganja ukutani saa tatu usiku, jua limezama zamani, na tofali bado lina moto kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Juu kuna bati la msauzi la rangi ya maruni iliyokolea, nililolichagua mwenyewe kwa sababu jirani alikuwa nalo, na kwa miaka sita hatukuwa na dari. Bati likishapata moto mchana kutwa, feni usiku inazungusha joto lilelile, na mtu anaanza kuulizia bei ya kiyoyozi. Tulipoipata fedha tulipiga dari ya jipsamu, tukaacha matundu yenye wavu chini ya upenu ili joto la kwenye kenchi lipate njia ya kutoka, na fundi akapaka bati rangi nyeupe, upande wa magharibi tu, maana mfuko uliishia hapo. Kutoka barabarani paa letu lina rangi mbili na majirani wanacheka. Kiyoyozi hatujanunua. Feni ya wati 60 inatutosha, ingawa Februari bado naamka kunywa maji.

Sasa nikipita Goba, Kibada au Madale naona nyumba mpya nyingi ni zile za kuficha paa nyuma ya ukuta. Ukuta haupati kivuli cha upenu hata inchi moja, vioo vikubwa vinatazama jua la jioni, na nje zimepangwa mashine za viyoyozi tatu, nne. Mwenye nyumba atalilipia hilo joto kwa LUKU miaka yote atakayoishi humo. Wazee wetu wa pwani walitokeza paa mpaka likafunika baraza, wakaacha upenyo juu ya kuta, na walijua kusi na kaskazi zinaingilia wapi. Sisemi turudi kwenye makuti. Moto na panya wake nawajua. Lakini hata kiwanja cha 20 kwa 20 kina upande wa kaskazini na wa kusini, na huko jua letu halina ukali wa asubuhi wala wa jioni.

Halmashauri hupokea ramani kabla ya kutoa kibali cha ujenzi. Naomba wahandisi wake waulize na haya: paa litakuwa la rangi gani, na dirisha la chumba cha kulala linatazama wapi? Na wewe Mhariri, picha za nyumba za kisasa mnazipenda sana gazetini. Safari ijayo mpigapicha wako akienda, apitie na kwenye mita, ahesabu kile kitaa kwa dakika moja, kisha mtuchapishie kimepepesa mara ngapi.

Mama wa barafu,
Tabata, Dar es Salaam