Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge: tufungulieni na mlango wa jimu

Mheshimiwa Mbunge,

Nakuandikia kwa heshima, na nakuandikia hadharani kwa kuwa kwa faragha nimeshindwa. Tangu mwaka jana nimeleta barua tatu ofisini kwako. Zote zimejibiwa kwa karatasi ileile: unanishukuru kwa utumishi wangu, suala langu, la sisi maveterani (askari wa zamani) wenye ulemavu kuzuiwa jimu za kambi za jeshi, umelipokea, utalifuatilia. Baada ya yaliyonikuta Jumanne iliyopita, nimeona wengine nao wasome.

Nakala ya Kiingereza unayo. Hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwanza kwa ajili ya wenzangu waliotoka Afrika Mashariki wakavaa sare ya Marekani kama mimi, na pili kwa sababu Kiswahili ndicho kilichoniingiza jeshini. Mwaka 2009 Wizara ya Ulinzi ilianzisha mpango wa MAVNI, wa kuandikisha wageni wenye taaluma ya tiba au wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Nilikuwa mwanafunzi mwenye viza ya masomo, nikajiandikisha mwaka huohuo, nikapelekwa Fort Jackson kule South Carolina, na mafunzo ya awali yalipokwisha nikala kiapo cha uraia nikiwa na buti miguuni. Nilitumikia miaka tisa. Mlinitafuta kwa lugha yangu, basi nisikilizeni kwa lugha hiyohiyo.

Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, nilifika kwenye kambi iliyo mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu. Getini sikupata shida. Nilitoa kitambulisho changu cha afya cha veterani, mlinzi akakikagua, akanirudishia, akanikaribisha. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya daktari wangu wa hospitali ya maveterani: mazoezi ya kuimarisha mapaja na mgongo mara tatu kwa wiki, mashine ya kupiga makasia, na bwawa la kuogelea ikiwezekana. Ameniambia waziwazi kwamba misuli inayoshika goti isipojengwa, tutaanza kuzungumza habari za goti la bandia kabla sijafika miaka hamsini.

Kwenye dawati la jimu kijana alikichukua kitambulisho, akakipitisha kwenye mashine, akakipitisha tena. Nilimwona akibadilika uso. "Samahani sana, afande," akasema. "Kadi hii hapa haifunguki." Nikampa karatasi ya daktari. Aliisoma yote, Mheshimiwa, mstari kwa mstari, nami nikawa natazama kupitia kioo kilicho nyuma yake. Mashine nane za makasia zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, hakuna iliyokaliwa. Feni kubwa ya sakafuni ilikuwa inazunguka, inapepea taulo ambalo mtu alilisahau kwenye benchi. Ndani alikuwamo mtu mmoja tu, na huyo alikuwa anapiga deki. Kijana akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. Akasema angekuwa na uwezo angenipitisha. Namwamini, na simlaumu hata kidogo.

Nikatoka. Ng'ambo ya barabara, hatua kama mia mbili kutoka mlango ule, liko jengo la boling, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini. Kule kadi yangu inakubalika. Ningeweza kukaa kule mchana kutwa nikinywa bia. Uwanja wa gofu nao unanipokea. Duka la kambi linanipokea, na pombe kali imepangwa pale rafu kwa rafu. Chuma peke yake ndicho nilichokatazwa kukigusa.

Hili halikuamuliwa na kijana wa dawati, wala na kambi ile. Ni ninyi mlioandika sheria. Tarehe 13 Agosti 2018, kule Fort Drum, Rais Donald Trump alitia saini sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019. Ndani yake mliweka kipengele cha kuwafungulia milango ya kambi wenye nishani ya Purple Heart, ya waliojeruhiwa vitani, waliowahi kuwa mateka wa vita, maveterani wote wenye ulemavu uliotokana na utumishi, na walezi waliosajiliwa kuwahudumia. Kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka jeshini sheria ile iliposainiwa, na nilipoisoma nilifurahi kama mtu aliyeitwa arudi nyumbani.

Undani wake niliujua baadaye. Huduma za ustawi na burudani za jeshi zimegawanywa makundi matatu, A, B na C. Kundi C ni zile zinazojiendesha kwa mapato yake, kama gofu, boling na nyumba za kupumzikia. Jimu ziko kundi A, zinalipiwa na kodi kwa kuwa zinahesabiwa kuwa sehemu ya utayari wa askari kwenda vitani. Sheria yenu ilitufungulia zile zinazoingiza pesa. Inawezekana aliyeiandika alikuwa analinda bajeti ya askari walio kazini, au jimu haikumjia akilini. Siwezi kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Ila kila ninapopita pale wazo ni lilelile: pochi yangu imekaribishwa kambini, goti langu limeachwa nje.

Kwa msomaji wa Kiswahili nifafanue kidogo, maana sisi kila aliyetoka jeshini tunamwita askari mstaafu. Huku mstaafu ni yule aliyetimiza miaka 20 kwa kawaida, au aliyestaafishwa kwa maradhi. Huyo ana kadi yake na jimu anaingia. Sisi wengine, tuliotumikia miaka minne, sita, tisa, ni maveterani tu, na sisi ndio wengi. Ulemavu wetu unapimwa kwa asilimia, kumi kumi, hadi kufika mia. Aliyepimwa asilimia 100 jimu anafunguliwa. Mimi nina 70.

Hapo ndipo akili yangu inapogoma, Mheshimiwa. Aliyefika 100 anastahili kila mlango, na simwonei kijicho. Lakini mimi, ambaye daktari anasema goti langu bado linaokoleka, ndiye ninayeambiwa nirudi nyumbani. Nikangoje nini? Nikangoje liharibike kabisa, nifike 100, ndipo nifunguliwe mahali pa kuliponya?

Goti lenyewe niliachia Kandahar, Afghanistan, mwaka 2012. Hapakuwa na bomu. Ulikuwa uzito tu: fulana ya kuzuia risasi na mabamba yake, kofia ya chuma, risasi, maji, redio. Kule mashamba ya zabibu yana matuta marefu ya udongo na kuta za udongo kila upande, na njia tuliogopa kuzipita kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa. Kwa hiyo tuliruka kuta. Mtu akiruka ukuta na mzigo wa kilo thelathini na tano mgongoni, goti ndilo linalopokea. Nilizipanda na kuzishuka kuta zile kwa miezi tisa. Nilikuwa na miaka ya ujana, nikanyamaza, nikameza vidonge, kesho yake nikaruka tena.

Sasa naendesha lori usiku. Nakaa saa kumi kwenye kiti, nashuka nimekakamaa. Tangu nivue sare nimeongeza kilo ishirini na mbili, na kila kilo inakalia goti lilelile. Binti yangu ana miaka sita. Mwezi uliopita aliniuliza kwa nini nashuka ngazi kama babu, natanguliza mguu mmoja huohuo kila ngazi. Nilimwambia baba amechoka. Usiku ule barabarani sikuwaza kingine.

Najua utaniambia jimu za mtaani zipo. Zipo, na nimewahi kulipia mbili. Idara ya Masuala ya Maveterani haimlipii mtu ada ya jimu. Daktari anaandika, mfuko unatoboka wangu. Hilo ningelivumilia. Ya kwanza niliiacha baada ya jioni moja ambapo mtu aliachia vyuma vikaanguka nyuma yangu, nami nikajikuta niko chini, mikono kichwani, watu wamenizunguka, mmoja ameshika simu ananirekodi. Ya pili nilikuwa nakwenda usiku wa manane ili nisimkute mtu. Kambini mtu akishtuka namna ile, aliye jirani anajua ni nini. Anakusogezea maji, anakuuliza ulikuwa wapi na mwaka gani, mazoezi yanaendelea. Hakuna jimu ya mtaani iliyonipa hilo.

Na hili ndilo zito kuliko goti langu. Ripoti ya Idara hiyo iliyotolewa mwaka 2024 ilihesabu maveterani 6,407 waliojiua mwaka 2022, zaidi ya 17 kwa siku. Sidai kwamba mashine za makasia zingewaokoa wote. Nasema ninachokijua cha watu wangu. Machi mwaka huu tulimzika mmoja wa kikosi chetu. Alikuwa mtu wa chuma kweli. Ndiye aliyetufundisha kunyanyua, akisimama nyuma yako na vidole viwili chini ya chuma, hakusaidii, anakuambia tu "moja tena, moja tena". Miezi yake ya mwisho alikuwa anakwenda kwenye boling ya kambi karibu kila jioni, peke yake, anakaa kaunta, kwa kuwa kadi yake iliishia pale. Alikuwa na asilimia 40. Sijui angekuwa wapi leo kama jioni zile angekuwa na benchi na vijana wa kuwafundisha. Najua tu kwamba benchi lilikuwapo, jengo la pili, na hakuruhusiwa kulifikia.

(Ndugu veterani unayesoma hapa na usiku umekuwa mrefu: piga 988, simu ya msaada kwa anayewaza kujiua, kisha bonyeza 1. Piga hata kama huna la kusema.)

Mheshimiwa, ahadi nakukumbusha. Siku ya Maveterani, tarehe 11 Novemba mwaka juzi, ulikuja ukumbini kwetu. Nilikuwa safu ya tatu. Nilisimama nikakuuliza habari ya jimu mbele ya watu wote, nawe ukashuka jukwaani, ukanishika bega, ukasema hili halihitaji hata mjadala, mtalimaliza. Ukamgeukia msaidizi wako ukamwambia aandike. Aliandika, nilimwona kwa macho yangu. Watu walipiga makofi. Rafiki yangu tuliyemzika Machi alikuwa ameketi kushoto kwangu, na yeye ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko sote.

Hoja za upande wa pili nazifahamu, maana nimekaa kambini miaka tisa. Jimu ni ya askari walio kazini, na sitaki kamwe kumsimamisha foleni kijana anayejiandaa kwenda vitani. Lakini yeyote aliyeishi kambini anajua saa za jimu. Alfajiri hujaa kwa mazoezi ya vikosi. Saa ya chakula cha mchana hujaa. Jioni baada ya kazi hujaa. Kati ya saa tatu na nusu na saa tano asubuhi, na tena alasiri kabla watu hawajatoka kazini, hubaki mashine na mpiga deki. Tupeni saa hizo. Mkihofia usalama, nimeshakaguliwa getini, nimo ndani kwa kadi mliyonipa wenyewe. Mkihofia gharama, wekeni ada. Tutalipa. Boling tunalipa, kwa nini tushindwe kulipia tiba?

Wala hili halihitaji sheria mpya ya kurasa mia. Kila mwaka Bunge linapitisha sheria ya ulinzi, na humohumo ndimo kipengele cha 2018 kilipopitia. Ya mwaka huu itakuja. Ongeza mstari mmoja: maveterani wenye ulemavu uliotokana na utumishi waingie jimu za kambi, katika saa ambazo kamanda ataona zina nafasi. Ikionekana ni wengi mno, anzeni na wenye karatasi ya daktari. Ikionekana bado ni wengi, anzeni na kambi chache muone. Mimi sina tena nguvu ya kudai yote. Anzeni popote, ila anzeni.

Bwawa liache kama ni zito. Vyumba vya mvuke viache. Naomba jimu, Mheshimiwa. Mashine ya makasia, benchi, na muda wa saa moja tu asubuhi, ambao hakuna mtu mwingine anayeutumia.

Jumanne ijayo saa nne na nusu nitakuwa pale tena na karatasi yangu. Nimeshamwomba radhi yule kijana mapema, maana najua inamuuma kunirudisha. Nitakwenda na Jumanne itakayofuata. Msaidizi wako aliyeandika jina langu mwaka juzi anakaribishwa aje asimame nami pale dawatini, aone mashine nane zilivyo wazi.

Wako katika utumishi,

Veterani wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, 2009–2018