Kabla ya kumwita dereva mwizi wa dizeli, kagueni valvu ya matangi

Mhariri,

Nimeendesha na kutengeneza malori kati ya Nakuru na Kisumu kwa miaka mingi, na kuna dhuluma moja inayoniuma. Dereva hushutumiwa kunyonya mafuta, akakatwa mshahara au hata kufutwa kazi, ilhali dizeli imemwagika yenyewe barabarani kwa sababu ya kifaa kidogo kilichofungwa kwenye fremu chini ya lori.

Katika baadhi ya malori yenye matangi mawili kuna swichi kwenye dashibodi ya kuchagua tangi. Swichi hiyo haipitishi mafuta. Hupeleka umeme kwa valvu, yaani kile kifaa kidogo cha kwenye fremu, nayo valvu hugeuza njia mbili kwa pamoja: ya kuvuta mafuta kutoka tangi lililochaguliwa, na ya kurudisha yale ambayo injini haikuyachoma. Wenye magari wengi hawaijui njia hii ya pili. Sehemu ya kurudisha ikikwama kwa kutu au uchafu huku ile ya kuvuta ikigeuka, injini itanyonya tangi la kushoto na kumimina masalio katika la kulia, na ikiwa la kulia lilijazwa hadi shingoni, dizeli itafurika kupitia kifuniko. Pikipiki inayofuata nyuma kwenye kona haina pa kuponea.

Hayo yalimpata kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi. Alitoka Nakuru matangi yote yakiwa yamejaa, na alipofika Kericho la kushoto lilikuwa limeshuka kupita kiasi. Mwenye lori hakutaka maelezo, akamkata mshahara na kumwachisha kazi. Nilipoinama kando ya tangi la kulia, niliona vumbi lililoloa na kuganda kuanzia shingo ya kifuniko hadi kwenye mkanda wa chuma unaolishikilia. Tulichomoa paipu ya kurudishia ya tangi hilo, tukaielekeza ndani ya mtungi na kuwasha injini; dizeli ikatiririka, ingawa swichi ilikuwa imeelekezwa kushoto.

Geji nayo hudanganya. Mara nyingi swichi hiyohiyo ndiyo huchagua tangi ambalo geji inasoma, kwa hiyo valvu ikikwama, geji huonyesha tangi lililojaa wakati injini inanyonya lililokauka, na lori huzima mlimani likiwa limevuta hewa. Hapo mafundi wengi hukimbilia kuuza pampu mpya. Ningewaomba waanze kwa kusikiliza: mmoja abonyeze swichi, mwingine atege sikio karibu na valvu. Ikinyamaza, waangalie fyuzi, kisha plagi ya waya ambayo matope huijaza mpaka vyuma vyake vinaota kijani. Taa ya kupimia ikiwaka kwenye plagi na valvu bado iko kimya, valvu ndiyo mbovu. Hata ikisikika ikigeuka, paipu ya kurudishia ipimwe vilevile.

Wenye malori nao wasijaze matangi yote mawili hadi juu, na wawaagize madereva kubadilisha tangi angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa valvu isiyoguzwa kwa miezi hukwama.

Yule kijana alirudishwa kazini baada ya valvu kubadilishwa, lakini pesa alizokatwa hajalipwa hadi leo.

Fundi na dereva wa lori,
Nakuru