Tairi limepasuka sawa, lakini lilikuwa la mwaka gani?

Mhariri salaam,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti linanifikia likiwa limeshapita mikono mitatu pale kijiwe cha kahawa Tabata lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya misiba. Sasa kuna kitu mnanikera. Kila ikitokea ajali barabara ya Morogoro au kule Wami mnaandika chanzo ni kupasuka kwa tairi la mbele, nukta, mnahamia kwenye majina ya majeruhi. Mtu wa magari akifika hapo anabaki ametoa macho, tairi gani, saizi gani, lilikuwa na upepo kiasi gani, na kubwa kuliko yote lilitengenezwa lini? Tairi halipasuki tu kama puto la kipaimara. Na hilo la lini jibu lake limeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, namba nne tu, kazi ni kuinama.

Mimi nimejifunza kuinama baada ya kupigwa, tena nimepigwa mara mbili.

Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2003, gari ya tabo, niliagiza used kutoka Japani. Ilivyotoka bandarini matairi yalikuwa mazima kabisa, kashata, yaani yale meno ya raba yanayogusa barabara, zimesimama, nikasema hapo nimeokoa hela. Wiki mbili tu barabarani nikaona gari kama imelewa, unakata kona inakufuata kwa kuchelewa, ukishika breki jua la saa nane inanesa, alafu raba ikaanza kumeguka pembeni vipande vidogo vidogo kama kifutio cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikampelekea fundi wangu, mzee mmoja alianza kazi enzi Peugeot 504 ndio gari ya mabosi, akaizunguka mara moja akaniambia mwanangu haya matairi ya theluji. Nikajua ananitania. Akanionyesha ubavuni, pameandikwa STUDLESS, na mwisho wa saizi kuna herufi Q, maana yake lisizidi kilomita 160 kwa saa. Kumbe kule Japani sehemu za baridi kama Hokkaido gari zinavalishwa hayo msimu wa barafu, raba yake imepikwa ili ibaki laini hata kwenye baridi ya kuganda, sasa wewe uilete Dar kwenye lami inayounguza kandambili inakuwa ulimbo. Gari zinashuka nayo hapa na watu wanaendesha nayo mpaka Mwanza wakijisifu wamepata gari yenye tairi mpya. Ukikuta ubavuni jina kama Blizzak au iceGUARD ujue ndio hayo hayo.

Basi nikaenda dukani, na hapa ndio sitataja duka wala mtaa. Gari yangu kwenye stika ya mlangoni inataka 225/45R17, yaani upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya huo upana, rimu inchi 17. Kijana wa duka akaniambia bosi hiyo imeisha ila ipo 225/50, inaingia freshi kabisa na gari itainuka kidogo, barabara zetu unazijua. Yani alivyosema inaingia nilitaka kukubali. Nikapiga hesabu kwenye simu, la kwangu kipenyo chake kama milimita 634, lile lingine 657, tofauti karibu asilimia tatu na nusu. Maana yake dashibodi ikisoma 100 wewe uko 103 na nusu, na ukikunja usukani mpaka mwisho au ukipiga shimo unaweza kulisikia linasugua ndani ya bodi. Nikakataa. Akaja na la pili, bosi kama hela inabana chukua mawili ya mbele, ya nyuma utamalizia mwisho wa mwezi.

Hili la mawili nalielezea vizuri kwasababu linaua difu za watu. Gari inayovuta matairi yote manne kama Subaru ina difu ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma, na kitabu cha gari kinasema wazi matairi yote yawe saizi moja, chapa moja, na yawe yameisha sawa. Watu wanaona ni maringo ya Wajapani. Chukua tairi jipya lenye kashata milimita 8 mbele, na nyuma acha la zamani lililobaki milimita 3. Kwa saizi yangu la mbele litazunguka kama mara 502 kwa kilomita moja, la nyuma 510, mizunguko 8 ya ziada kila kilomita. Toka Dar mpaka Morogoro kilomita karibu 190 hiyo ni mizunguko zaidi ya 1,500 ambayo ile difu ya kati inaimeza yenyewe, masaa yote hayo kwenye lami iliyonyooka ambapo ilitakiwa ipumzike. Inachemka, inaanza kuunguruma, alafu mtu anasema Subaru gari mbovu.

Kwahiyo nikanunua manne, saizi sahihi, meusi yanang'aa, vile vinywele vya raba vipo na stika ipo. Ilikuwa mwanzoni mwa 2023. Kilichofuata mnakijua mana nimeshawaambia nilipigwa. Desemba ile naenda Tanga na familia, tumepita Msata, nasikia gari inagonga kwa chini tap tap tap kama kuna mtu anapiga mlango, nikapunguza taratibu bila kukanyaga breki ghafla nikatoka pembeni. Kushuka, tairi la nyuma kushoto limevuka ganda, ule mkanda wa juu wenye kashata umeachana na waya za ndani, limebaki linaning'inia kama gome la mkaratusi. Mama watoto hakusema kitu, alishuka tu na watoto akakaa nao mbali chini ya mwembe, ule ukimya nauogopa kuliko pancha.

Kurudi Dar fundi wangu akachuchumaa na tochi ya simu akasoma, DOT alafu herufi na namba kibao, mwisho wake 0817. Wiki ya 8 mwaka 2017. Tairi niliyouziwa kama mpya ilikuwa na miaka sita siku naitoa dukani, na ile sita haikukaa stoo ya baridi maskini, yalikuwa yamepangwa nje mbele ya duka yanaota jua kila siku kama dagaa. Raba inazeeka hata bila kutembea, joto na hewa vinaikausha mpaka inakuwa ngumu na inapasuka nyufa ndogo, ukitaka kuziona likunje kidogo ubavuni. Niseme na kosa langu, upepo nilikuwa sijapima karibu wiki tano. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake unakunjika na kunyooka kila mzunguko, hapo ndipo joto linapozaliwa, na joto likikutana na gundi iliyozeeka ndani mkanda unaachia. Watu wanaogopa upepo mwingi safari ndefu wanapunguza kabisa eti tairi litavimba na joto, kumbe wanafanya kinyume, upepo unapimwa tairi likiwa limepoa asubuhi na unajaza ile namba ya stika ya mlangoni, basi.

Nilimrudia yule kijana na tairi langu begani. Akaniambia kaka tairi mradi halijatumika ni jipya, namba ni za kiwandani haziwahusu wateja. Michelin wenyewe wanasema tairi likifika miaka mitano ya kutumika likaguliwe kila mwaka na likitimiza kumi tangu kutengenezwa litolewe hata kama kashata bado. Sasa ukiuziwa la miaka sita umeshakatwa zaidi ya nusu ya maisha yake na bei umelipa nzima. Hela hakurudisha.

Awamu ya tatu ndio nikakaa chini kuchagua kama mtu mzima, na hapa nina ugomvi na vijana wenzangu wa magari ya kukimbia. Wao wanataka raba laini, kuna ile namba inayoandikwa TREADWEAR, ikiwa ndogo raba inashika sana na inaisha haraka, ikiwa kubwa inadumu. Bridgestone Potenza RE-71RS ni 200, Michelin Pilot Sport 4 ni 320, na tairi la kawaida la gari ya familia unakuta 400, 500 na kuendelea. Ile namba kila kampuni inajipimia yenyewe kwahiyo usilinganishe chapa na chapa kama unalinganisha kilo za sukari, ila mwelekeo unaupata. Kijana anaona 200 anasema hilo ndio tairi la mchezo. Sawa, kwa uwanja wa mbio. Mimi asubuhi natoka Tabata nakaa foleni ya Ubungo, naruka matuta, Ijumaa nakwenda Bagamoyo, raba ile itakuwa inaokota mchanga na kokoto na itaisha kabla sijamaliza kuilipia deni. Alafu kuna masika. Machi mpaka Mei maji yanasimama barabarani, tairi pana likishaisha kashata halina pa kuyapitishia, gari inapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto, na upana ndio unaongeza tatizo sio kupunguza. Kwahiyo mimi nilitafuta la kasi lenye mifereji mipana ya kuzunguka na treadwear ya mia tatu na kitu. Mtu ataniambia angalia na herufi ya TRACTION, ikiwa AA umemaliza. Hiyo inapima kusimama kwenye maji ukiwa umenyooka tu, kona haimo.

Kuna mwingine wa kijiweni huwa ananiambia hayo yote mbwembwe, Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kule Kenya na Impreza hiyo hiyo kwenye matope na mawe, gari haichagui tairi. Jamani. Ile Impreza ilikuwa na matairi ya rali na watu wa kuyabadilisha njiani, mimi nina fundi mmoja na jeki ya kuazima.

Herufi ya kasi pia msiidharau hata kama hamkimbii. H ni 210, V 240, W 270, Y 300. Huwezi kukimbia 270 hapa na kwenye vijiji ni 50, najua, ila tairi lililojengwa kuhimili joto la 270 lina akiba kubwa likiwa 100 na mzigo na jua la Chalinze. Na kabla ya hiyo herufi kuna namba ya uzito, 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 94 ni kilo 670. Nilichukua 94 yenye maandishi XL sababu imejengwa ngumu zaidi, na ubavu wa gari yangu ni sentimita kumi tu, ukiingia shimo vibaya nyuzi za ndani zinakatika na linatoka nundu. Likishatoka nundu ubavuni halizibwi, asikudanganye mtu na utambi wa pancha, utambi ni wa pale juu kwenye kashata tu.

Yale manne yamenigharimu hela ya bodaboda ya mkononi, mama watoto akauliza haya matairi yana hati au tumenunua bila hati. Duka lilikuwa lingine, muuzaji mama mmoja mtu mzima, nilipoinama kusoma namba hakununa, alisema baba soma yote manne, wengine wanasoma moja. Na kweli la tatu lilikuwa la mwaka tofauti akanibadilishia mwenyewe. Nikafunga siku hiyo hiyo, nikapiga balansi na alaimenti, na nikasimamia upande ulioandikwa OUTSIDE ukae nje mana nimeshaona gereji wanageuza. Chapa sitaji msije kusema natangaza biashara.

Nyie kazi yenu ni ndogo tu. Mwandishi wenu akifika kwenye ajali na kamanda akamwambia tairi limepasuka, basi aombe kuliona, apige picha zile namba nne za mwisho, aziandike kwenye habari. Kama ni la 2011 tujue ni la 2011, na kama ni la mwaka jana basi tujue tutafute sababu nyingine, mwendo au mzigo au upepo au barabara yenyewe. Zamani kiwanda cha General Tyre kule Arusha kabla hakijafungwa angalau ulijua tairi limetoka hapa nyumbani, siku hizi linakuja kwa meli na limekaa wapi na miaka mingapi hakuna anayekwambia isipokuwa lenyewe.

Ya kwangu ni 1423 yote manne. Mhariri na wewe shuka hapo chini kaangalie ya gari ya ofisi, na la spea pia, lile ndio huwa linasahaulika.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam