Form One wasiachwe peke yao Januari

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari sisi wazazi wa Dar akili yote iko kwenye sare, madaftari na viatu, maana ada ya sekondari za serikali za kutwa ilifutwa 2016 ila hivyo vingine bado vinatutoa jasho, sasa mtoto mwenyewe nani anamuandaa? Hasa hawa wa Form One. Miaka 7 kasoma sayansi na hesabu kwa Kiswahili, anafika sekondari masomo karibu yote Kiingereza, mwalimu anaongea yeye anaitikia tu yes madam na hajaelewa kitu, akirudi nyumbani kanuna tunamwambia mvivu. Jamani si uvivu.

Halafu usafiri. Saa 11 alfajiri yuko kituoni Mbagala na begi kubwa, konda anapiga kelele wanafunzi wawili tu, wengine shukeni! Mtoto anafika kachelewa, getini anakutana na fimbo. Hii inaniuma sana.

Wazazi wenzangu, kabla shule hazijafunguliwa tuwarudishe kulala mapema, tupande nao daladala hata mara moja wajue kituo cha kushukia, na jioni tukae nao wasome daftari kwa sauti hata kama Kiingereza chetu cha kuungaunga. Tuwaulize pia leo umekaa na nani, sio umeshika namba ngapi darasani tu. Na walimu nawaomba, wiki za mwanzo mtoto akijibu kwa Kiswahili msimcheke wala kumchapa, mwacheni kwanza aongee.

Mzazi, Temeke