Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: kingamwili zinazogandisha damu na tyubu ya bluu isiyojaa

Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUPIMA KINGAMWILI ZA FOSFOLIPIDI KWA WANAWAKE WANAOPOTEZA MIMBA NA VIJANA WANAOPATA KIHARUSI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanamke akipoteza mimba ya tatu, ukoo huanza kuulizana: kamkosea nani, ana jini gani, kwao wakoje. Wakati mwingine jibu limo ndani ya damu yake. Mwili umetengeneza kingamwili zinazoshambulia protini zinazokaa juu ya fosfolipidi, mafuta yanayounda ngozi ya chembe. Matokeo yake damu huganda pasipostahili: mguuni, kwenye mapafu, kwenye ubongo. Kwa mjamzito, kondo la nyuma huharibika na mtoto hufia tumboni. Graham Hughes na wenzake wa London waliueleza ugonjwa huu mwaka 1983. Dawa zake, za kuzuia damu isigande, ni za zamani na zinajulikana: aspirini, heparini na warfarini.

Tunaomba waraka mmoja kwa hospitali zote za rufaa, nao uanzie pale damu inapotolewa. Mashine nzuri ikipewa sampuli mbovu hutoa jibu la uongo lililochapwa vizuri.

Tyubu ya kifuniko cha bluu inayopokea mililita 2.7 za damu ina mililita 0.3 za sitrati ya asilimia 3.2, kemikali inayozuia damu isigande kwa kuishika kalsiamu yake. Uwiano ni damu tisa kwa sitrati moja, na ndiyo maana kuna mstari ubavuni. Ikiingia mililita 1.5 tu, uwiano unashuka hadi tano kwa moja. Sitrati iliyozidi inaimeza kalsiamu ambayo maabara huiongeza ili damu igande, muda unarefuka, na mtu mzima wa afya anaandikiwa ugonjwa. Sindano ya kipepeo inaongeza tatizo, kwa kuwa hewa iliyomo kwenye mrija wake inachukua nafasi ya damu katika tyubu ya kwanza. Muuguzi atangulize tyubu ya kutupa, kisha ajaze ya pili hadi mstarini na kuigeuza taratibu mara chache, bila kuitikisa.

Kosa la pili linakwenda upande wa pili, na ni baya zaidi kwa sababu linamficha mgonjwa. Plazma, yaani majimaji ya damu, inapaswa kuzungushwa kwenye sentrifuji mara mbili kwa nguvu ya 2,000 g (mara 2,000 ya mvutano wa dunia), dakika 15 kila mara, ndani ya saa nne tangu damu itolewe, hadi chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zibaki chini ya 10 × 10⁹ kwa lita. Zikibaki nyingi na sampuli ikagandishwa, zinapasuka na kumwaga fosfolipidi zake. Kingamwili zinanasa humo, kipimo kinasoma "hakuna". Mafundi wengi huweka sentrifuji kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kwa mazoea. Kwenye rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 15, mizunguko hiyo inatoa takriban 1,500 g. Ili kufika 2,000 inahitajika kama 3,450. Kila rota ina hesabu yake, na hesabu hiyo ibandikwe kwenye mfuniko wa mashine. Baada ya mzunguko wa kwanza plazma ihamishwe kwa pipeti ya plastiki, ikiachwa nusu sentimita juu ya utando mweupe. Sampuli ya kusafirishwa kwenda maabara ya kanda igandishwe kwa nyuzi 70 chini ya sifuri, na siku ya kupima iyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika tano. Isiachwe iyeyukie kwenye jokofu la kawaida.

Vipimo ni vitatu: kingamwili za kadiolipini, za beta-2 glikoproteini I, na kizuizi cha lupasi, jina la kingamwili zinazorefusha muda wa damu kuganda kwenye tyubu. Viwili vya kwanza ni vya ELISA, njia ya kawaida ya maabara ya kupima kingamwili kwa kubadilika kwa rangi. Cha tatu ndicho kinachosumbua, kwani kinapitia hatua tatu: uchunguzi wa awali kwa APTT (kipimo cha muda wa damu kuganda) na kwa sumu ya nyoka wa Russell iliyozimuliwa, ambayo huchochea damu kuganda, kuchanganya nusu kwa nusu na plazma ya watu wazima wa afya, kisha kuthibitisha kwa kuongeza fosfolipidi. Muda ukirudi kuwa mfupi baada ya fosfolipidi kuongezwa, kizuizi kipo.

Hapa kuna mtego ambao waraka unapaswa kuutaja waziwazi. Kingamwili hizi huchelewesha damu kuganda kwenye tyubu lakini huigandisha mwilini. Daktari anaona APTT imerefuka, anahofia mgonjwa atavuja damu, anamnyima heparini. Mgonjwa huyo ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Tyubu ya bluu itolewe kabla ya sindano ya kwanza ya heparini na kabla ya warfarini, kwa kuwa zote mbili huvuruga kipimo cha kizuizi. Ni kazi ya dakika mbili kwenye chumba cha dharura, nayo isicheleweshe tiba.

Wapimwe akina nani? Waliopoteza mimba tatu mfululizo kabla ya wiki ya 10. Waliopoteza hata moja baada ya hapo na mtoto hana kasoro. Waliojifungua kabla ya wiki 34 kwa sababu ya kifafa cha mimba kikali. Watu wa chini ya miaka 50 waliopata kiharusi au bonge la damu bila sababu. Na wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Mzee mwenye shinikizo la miaka mingi asipimwe. Maambukizi huleta kingamwili za kupita, ndiyo maana jibu chanya lirudiwe baada ya wiki 12 kabla mtu hajaambiwa ni mgonjwa.

RPR na VDRL, vipimo vya kaswende, vinatumia kadiolipini, mojawapo ya fosfolipidi, hivyo mama mwenye kingamwili hizi anaweza kuonekana ana kaswende asiyokuwa nayo. Ndoa zinavunjika kwa karatasi ya namna hiyo. RPR ikiwa chanya na kipimo mahususi cha bakteria wa kaswende kikiwa hasi, na mama ana historia ya kupoteza mimba, apelekwe kupimwa.

Kuhusu tiba, utafiti wa London uliochapishwa mwaka 1997 kwa wanawake 90 ulionyesha asilimia 71 ya waliopewa aspirini na heparini walipata mtoto hai, dhidi ya 42 ya waliopewa aspirini peke yake. Kwa hiyo tunaomba enoksaparini, aina ya heparini, ya miligramu 40 ipatikane kila siku kwa mama hao, na iendelee wiki sita baada ya kujifungua. Warfarini isitumike katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, ila anayenyonyesha anaweza kuimeza. Aliyewahi kupata bonge la damu abaki kwenye warfarini, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda kwa anayetumia warfarini) kati ya 2 na 3. Asihamishiwe rivaroxabani, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu isigande, kwa sababu tu haihitaji vipimo: jaribio la mwaka 2018 kwa wagonjwa wenye vipimo vyote vitatu chanya lilisimamishwa mapema kwa kuwa waliopewa dawa hiyo walipata viharusi na mishtuko ya moyo zaidi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo asipewe.

Tuko tayari kuandika rasimu ya waraka huo pamoja na bango la ukurasa mmoja la chumba cha kutolea damu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wataalamu wa maabara za damu