Watoto wa vayolini waambiwe vile odishena inaenda

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa vayolini hapa Nairobi na kuna jambo naomba wazazi na walimu wenzangu walisikie. Watoto wetu siku hizi wanapiga vizuri sana, waskize tu vijana wa Ghetto Classics, ule mradi wa muziki kule Korogocho, lakini wengi wakishapita gredi 8 ya mitihani ya muziki wanadhani sasa okestra itawachukua, na hakuna mtu amewaeleza hiyo kazi inapatikana vipi.

Okestra kubwa za ng'ambo haziajiri kwa cheti. Unaitwa odishena, yaani unapiga mbele ya majaji wakuchague, na mara nyingi raundi ya kwanza unapiga nyuma ya pazia ili wasijue wewe ni nani, wale wa okestra ya Boston kule Marekani walianza hayo mambo ya pazia 1952. Wa vayolini anaanza na konsato ya Mozart, yaani muziki wa solo ulioandikwa kupigwa na okestra, halafu vipande vifupi kutoka muziki wa okestra, na Don Juan ya Strauss karibu kila mahali ipo, ule ukurasa wa kwanza unaoanza kwa kasi bila kukupa nafasi ya kupumua. Ukiteleza hapo unaambiwa asante, basi, umeenda. Na hata ukishinda kuna kipindi cha majaribio, kwa Berlin Philharmonic, okestra ya Ujerumani, kinaweza kufika miaka 2 na wanamuziki wenyewe ndio wanapiga kura kama utabaki!

Sasa mtoto amepiga vipande vitatu vya mtihani mwaka mzima, peke yake na piano, hizo rest ndefu, pale unanyamaza wengine wakipiga, atajifunzia wapi kuzihesabu? Atajua lini kufuata upinde wa mwenzake wa stendi moja ya noti, au kupunguza sauti ili filimbi isikike? Mimi naona hii ndio kasoro yetu kubwa, tunafundisha masolo na tunaita hiyo kujiandaa.

Na hapa kwetu tuwaambie wazi pia kwamba wengi wanaokaa kwenye okestra wana kazi nyingine, wanafundisha, wanapiga harusi. Si aibu, lakini mtoto ajue mapema.

Ombi langu kwa shule za muziki ni hili: noti za Strauss na Mozart ziko bure kwa intaneti, wapeni kuanzia gredi 5 au 6, na kila muhula fanyeni odishena ya mazoezi. Pazia ni leso mbili na kamba tu, na walimu wa shule nyingine waje wawe majaji.

Mwalimu wa vayolini,
Nairobi