Pesa ya paa

Kairo, Jumapili jioni

Mama,

Jambo. Yaya Furaha akusomee polepole, na asiruke sehemu ya mdogo wangu Bahati.

Habari ya dote, ile mahari ya Olivier, nimeiona kwenye simu, mara tatu. Nitatuma dolari 100, si 300. Huko Kadutu mnasema eti mimi ni daktari wa wakubwa. Si uongo: kuna bibi mmoja hapa, mjane wa mkubwa wa zamani, hataki apimwe presha na mtu mwingine ila "yule Mkongo". Dereva wake hunifuata hadi mlangoni. Baba Mdogo aambiwe hivyo hivyo, yeye aliyesema nitaishia kuuza vidonge sokoni Nyawera.

Lakini daktari wa wakubwa analala saa ngapi? Ijumaa nilishuka metro Mar Girgis, Kairo ya zamani. Upande huo, Fustat, ndiko alikoishi Musa bin Maimun, Myahudi wa Cordoba, mgeni kama mimi, daktari wa jumba la sultani. Mtu wa kusini mwa Ufaransa alitaka kuja kumwona. Musa akamjibu mwaka 1199: kila asubuhi naenda kwa sultani, akiugua yeye, mtoto wake au suria, nashinda huko, narudi mchana umekwisha, njaa inaniuma, nakuta baraza imejaa, mahakimu na watu wa kawaida, marafiki na maadui, naomba wanivumilie nile kidogo, ndio mlo wangu wa siku, halafu natibu hadi usiku, naandika dawa nimelala chali kwa uchovu. Ukija, usitegemee hata saa moja ya maongezi. Nilicheka peke yangu. Zawadi, anayetaka kuja kukaa kwangu miezi miwili, asomewe hapo mara mbili.

Mimi nakula vizuri.

Sasa Bahati. Musa naye alikuwa na mdogo wake, Daudi, mchuuzi wa vito. Biashara yake ndiyo iliyomlisha kaka akiwa vitabuni. Daudi akazama Bahari ya Hindi na pesa yao, na ya watu wengine, akaacha mjane na binti mdogo. Musa alilala mgonjwa karibu mwaka mzima. Miaka minane baadaye bado aliandika kwamba kila akiona mwandiko wa mdogo wake, moyo unapinduka.

Tangu Machi sipokei simu ya Bahati. Zile dolari 800 zilikuwa za paa, Mama, si za maharagwe ya kisiwa cha Idjwi, na kitandani kwako kunavuja mpaka leo. Hilo halijanitoka. Ila mzigo ulipozama alitoka ziwani na kiatu kimoja, na mimi swali langu la kwanza lilikuwa magunia mangapi.

Mpe karatasi. Aandike kwa mkono, na ule mwandiko wake wa kuku, barua ije na mtoto wa Mama Riziki. Na zile samaki, sambaza kavu, kilo moja, lakini msizifunge pamoja na karatasi.

Mwanao